Maziwa hayajayeyuka: nilivyokosa maksi moja, na habari ndefu ya kemia ya uso

Niko sekondari, mtihani wa kemia, swali linasema taja mfano mmoja wa myeyusho. Swali la bure kabisa, lile la kumwonea huruma mtu ambaye hakusoma. Wenzangu wote wakaandika maji ya chumvi wakaendelea na maisha yao, mimi nikataka kujifanya mjanja nikaandika maziwa. Na nilikuwa na sababu zangu bwana: ni kimiminika, kimetulia, huoni kitu kimezama chini, ukipitisha kwenye karatasi ya kuchujia yanatoka meupe vile vile kama yalivyoingia. Si ndo sifa za myeyusho hizo? Karatasi ikarudi na alama ya kosa, wino mwekundu, na pembeni mwalimu kaandika neno moja tu, "koloidi", bila maelezo yoyote, na kwa vile hiyo mada tulikuwa hatujaifikia (na hatukuifikia, muhula uliisha) nikabaki na hilo neno kichwani kama mchanga kwenye kiatu.

Sasa juzi usiku likanirudia, sijui kwa nini, nikasema leo namalizana nalo. Na wewe unayesoma ukiwa na glasi mbili na simu yenye tochi unaweza kufanya sasa hivi kabla hujaendelea. Glasi ya kwanza maji na kijiko cha chumvi, koroga mpaka chumvi isionekane. Glasi ya pili maji na matone mawili matatu ya maziwa, sio zaidi, manake ukizidisha unaharibu. Zima taa, washa tochi, ipige kutokea ubavuni. Kwenye maji ya chumvi mwanga unaingia huku unatokea kule, katikati huoni chochote, kama vile haujapita. Kwenye glasi ya maziwa njia ya mwanga inaonekana yote, imesimama ndani ya maji kama mwanga wa jua unaoingia kwenye chumba chenye vumbi. Halafu angalia rangi: ukitazama kwa pembeni inaelekea ubluu, ukizunguka ukatazama tochi yenyewe kupitia ile glasi unakuta imegeuka ya rangi ya chungwa, kama jua linalozama. Mwanga wa bluu unatawanywa zaidi pembeni, mwekundu ndo unaobaki kuja moja kwa moja kwako, na ni habari ile ile ya anga kuwa bluu mchana na nyekundu jioni, ila hapa umeifanya kwenye glasi.

Hiyo kitu inaitwa athari ya Tyndall, kwa jina la John Tyndall aliyeifanyia kazi sana miaka ya 1860. Lakini kabla yake Michael Faraday alishaiona, mwaka 1857, na yeye hakutumia maziwa, alitumia dhahabu. Alichukua chumvi ya dhahabu akaitoa dhahabu yake kwa fosforasi mpaka akapata kimiminika chekundu kama rubi, akapitisha mwanga, akaona ile njia, akajua humu ndani kuna vipande vya dhahabu yenyewe, vidogo kiasi kwamba hadubini ya wakati ule haivioni. Dhahabu nyekundu! Kimsingi dhahabu ikiwa ndogo kiasi hicho inaacha kabisa kuwa ya njano. Na chupa zake zimehifadhiwa Royal Institution kule London hadi leo, na kile kimiminika bado ni chekundu, hakijatuama, zaidi ya miaka 160. Shika hilo, nitalirudia.

Basi koloidi ni nini. Iko hivi. Myeyusho wa kweli ni pale kitu kimevunjika mpaka molekuli moja moja au ayoni (atomu zenye chaji ya umeme) moja moja, zimetawanyika katikati ya molekuli za maji, ukubwa chini ya nanomita 1. Upande wa pili kuna tope la kawaida, ukikoroga udongo kwenye maji, chembe kubwa unaziona, ukiacha dakika kadhaa zinakaa chini. Katikati ya hao wawili, kuanzia nanomita 1 mpaka kama 1000 hivi, ndo kuna hii nchi ya tatu. Nanomita 1000 ni sehemu moja kati ya elfu ya milimita, yaani hata ile chembe kubwa kuliko zote huku huwezi kuiona kwa jicho. Hiyo mipaka yenyewe usiishike kama sheria ya mirathi, ni makubaliano ya watu tu, asili haina rula.

Jina lilitoka kwa Mskoti mmoja, Thomas Graham, mwaka 1861, kwa neno la Kigiriki la gundi. Alikuwa anaangalia vitu gani vinapenya kwenye karatasi ngumu ya ngozi na vipi havipenyi. Chumvi na sukari zikawa zinapita bila shida, gundi na jelatini zikagoma. Akasema basi duniani kuna aina mbili za vitu, vinavyopenda kuwa fuwele na vinavyofanana na gundi. Hapo alikosea kidogo (nilifarijika kujua sio mimi peke yangu) kwa sababu baadaye ilionekana kitu kile kile kinaweza kuwa hivi au vile, hata chumvi ya kawaida ukiizalisha ndani ya benzeni, ambako haiyeyuki, unaweza kuipata kama koloidi. Kwa hiyo koloidi sio aina ya kitu, ni hali ya kitu, ni suala la umekivunja kiasi gani na umekitawanya kwenye nini. Ila ile mbinu yake ya kutenganisha vidogo na vikubwa kwa utando, aliyoipa jina dayalisisi, mnaijua wote, ndo kazi ya mashine za figo. Mwaka 1943 Willem Kolff kule Uholanzi, katikati ya vita, nchi imekaliwa na Wajerumani, alitengeneza figo bandia kwa mirija ya selofeni ile ya kufungia soseji. Damu inapita ndani, maji nje, urea inatoka kwa sababu ni ndogo, protini na seli zinabaki kwa sababu ni kubwa. Akili ya Graham ile ile.

Sasa swali ambalo lilinisumbua zaidi: kwa nini hazizami? Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, inakaaje humo karne moja na nusu bila kushuka?

Jibu la kwanza ni kwamba zinapigwa ngumi. Mwaka 1827 Robert Brown, mtu wa mimea, aliangalia chavua kwenye maji kwa hadubini akaona vichembe vilivyomo vinacheza cheza bila kutulia. Akafikiri labda ni uhai. Akajaribu vumbi la glasi, la madini, mpaka kipande cha jiwe la Sphinx la Misri alikisaga, vyote vikacheza, na jiwe la Sphinx kwa kweli huwezi kusema lina uhai. Ni molekuli za maji ndo zinazokigonga kichembe kila upande, na kwa vile ni kidogo, mapigo ya kushoto na kulia hayalingani, kinasukumwa huku kinasukumwa kule. Einstein akaandika hesabu yake mwaka 1905, Jean Perrin Mfaransa akaipima kwa vichembe vya utomvu, akahesabu vingapi viko juu na vingapi chini ya tone, akapata Nobeli 1926, na kwa kazi hiyo hata wale waliokuwa bado wanabisha kwamba atomu zipo wakanyamaza. Kwa hiyo uzito unavuta chini, msukosuko unarusha juu, kichembe kikiwa kidogo vya kutosha msukosuko unashinda.

Lakini hilo ni nusu ya jibu, na vitabu vingi vinaishia hapo, jambo ambalo linaniudhi. Manake huo msukosuko huo huo ndo unaozigonganisha chembe zenyewe kwa zenyewe! Zikigongana zikagandana zinakuwa kubwa, zikiwa kubwa zinazama, mchezo umekwisha. Kwa hiyo swali la kweli sio kwa nini hazizami, ni kwa nini hazishikani. Na hapo ndo unalazimika kuingia kwenye mambo ya uso.

(Nilipomwambia rafiki yangu nasoma kemia ya uso akaniuliza ni krimu gani nauza. Uso wa kitu jamani, uso kama uso wa maji, pale kitu kimoja kinapoishia na kingine kinapoanzia. Ingawa hata krimu yenyewe ni koloidi, mafuta na maji yaliyolazimishwa kuishi nyumba moja, kwa hiyo hakukosea sana.)

Fanya hesabu hii, ndo iliyonifungua mimi macho. Chukua mchemraba wa kitu chochote, sentimita 1 kila upande. Una pande sita, eneo lake lote sentimita za mraba 6, kama stempu kubwa tu. Sasa ukate vipande vya mikromita moja moja: kitu ni kile kile, uzito ule ule, lakini eneo la uso limefika mita za mraba 6, sakafu ya kichumba kidogo. Endelea, kata vipande vya nanomita 10: mita za mraba 600. Zaidi ya viwanja viwili vya tenisi, kutoka kwenye kitu ulichokuwa unakishika kwa vidole viwili. Hujaongeza hata punje ya kitu, umeongeza uso tu. Ndo maana kwenye koloidi kila kitu kinaamuliwa na uso, ndani hakuna nguvu kubwa ya kusema, nyuso ni nyingi mno.

Na uso una tabia zake. Molekuli ya maji iliyo katikati ya glasi ina majirani pande zote, wanavutana, imeridhika. Iliyo juu kabisa ina majirani chini na pembeni, juu kwake kuna hewa tu, kwa hiyo ina deni, ina nguvu ambayo haijapata wa kuishikilia. Maji yote yanajitahidi kupunguza idadi ya molekuli zinazokaa sehemu hiyo mbaya, na umbo lenye uso mdogo kuliko yote ni duara la mpira, ndo maana tone ni la mviringo. Hiyo inaitwa mvutano wa uso, na kwa maji ni mkubwa, milinewtoni 72 kwa mita kwenye nyuzi 25, alkoholi ya ethanoli ina kama 22 tu, zebaki inapita 480, na ndo maana zebaki ikimwagika inakimbia kama gololi haitaki kulowanisha kitu. Sindano ukiilaza taratibu juu ya maji inakaa, na chuma hakielei ng'o, ni uso wa maji umeibeba.

Kwa hiyo unaona tatizo: kila uso ni gharama. Mafuta ukiyapiga ndani ya maji mpaka yawe matone madogo madogo umetengeneza uso mwingi sana, umelipa gharama kwa mkono wako, na mara ukiacha, mfumo wenyewe unataka kurudisha ile gharama, matone yanaungana, mafuta yanapanda juu, mnaachana. Kuwa koloidi ni kuishi kwa mkopo. Ile dhahabu ya Faraday kwa hesabu za nishati ilitakiwa iwe donge moja chini ya chupa, kilichoizuia ni kwamba njiani kuna mlima ambao haijaweza kuupanda.

Mlima huo unajengwa kwa njia mbili, na zote mbili ziko kwenye uso. Ya kwanza ni chaji. Chembe nyingi zikiwa kwenye maji zinabeba chaji usoni, zote aina moja, mara nyingi hasi, na kuzunguka kila moja kuna wingu la ayoni za aina ya pili. Zikikaribiana mawingu yanasukumana kabla nyuso hazijagusana. Nadharia yake inaitwa DLVO, herufi za watu wanne, Derjaguin na Landau wa Urusi ya Kisovieti mwaka 1941, Verwey na Overbeek wa Uholanzi waliochapisha ya kwao 1948 baada ya vita, walifika sehemu moja kila upande kivyake.

Sasa ukijua hilo unajua pia jinsi ya kuua koloidi: weka chumvi. Ayoni zikiwa nyingi kwenye maji lile wingu linabanwa linakuwa jembamba, chembe zinakaribiana kuliko inavyotakiwa, zinashikana. Faraday mwenyewe aliona, ukitia chumvi kwenye dhahabu nyekundu inageuka bluu, ni kwa sababu chembe zimeanza kukaa makundi. Mto mkubwa unaokuja na matope laini ya mfinyanzi yanasafiri nayo kilomita mamia bila kutua, yakifika baharini yakakutana na chumvi yanaganda yanashuka, na ni sababu mojawapo ya delta kujengeka pale pale mdomoni. Na chumvi hazilingani nguvu: Schulze mwaka 1882 na Hardy mwaka 1900 walionyesha chaji ya ayoni ndo inayoamua, na ile nadharia ya wanne inatoa makadirio kwamba ayoni ya chaji mbili ina nguvu mara 64 ya chaji moja, na ya chaji tatu mara 729. Aluminiamu ina chaji tatu. Ndo maana maji ya tope yanawekewa shabu, ambayo ni chumvi ya aluminiamu, kidogo tu, na shabu ina ujanja wa pili pia, ndani ya maji inageuka kuwa madonge mepesi kama pamba yanayoshuka huku yanazoa uchafu.

Njia ya pili ya kujenga mlima ni kuvaa koti. Unaipaka chembe molekuli ndefu zinazosimama usoni kama nywele, chembe mbili zikikaribiana nywele zinagusana kwanza, hazitaki kubanwa, zinarudishana nyuma. Wamisri wa kale walikuwa wanachanganya masizi na gundi ya mti wa mgunga kupata wino mweusi, na bila hiyo gundi masizi hayakai kwenye maji hata kwa bahati, yanakusanyika tu. Walijua kwa mikono, bila kujua neno molekuli.

Na hapa inabidi tuzungumzie sabuni, ingawa kila mtu anazungumzia sabuni. Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia mrefu wa mafuta unaoyakimbia. Ukiitia kwenye maji haijui ikae wapi, mahali pazuri kwake ni mpakani, kichwa ndani mkia nje, kwa hiyo inapanda juu inajaza uso, na mvutano unashuka toka 72 mpaka karibu na 30. Uso ukijaa zinazobaki zinafanya mkutano zenyewe humo ndani ya maji, mikia katikati vichwa nje, vifurushi vinavyoitwa miseli, kimoja kina molekuli kama 60 hivi, inategemea na aina. Mafuta ya sahani yanaingia humo katikati kwenye mikia, yanabebwa. Vitu vya namna hii vyote vinaitwa safaktanti, na emalsifaya ni hao hao wakifanya kazi ya kuzuia matone ya mafuta yasiungane.

Lakini ninayetaka mumjue ni Agnes Pockels. Huyu mama, wakati huo binti, alikuwa anaishi Braunschweig Ujerumani, vyuo vikuu havikuwa vinapokea wanawake, wazazi wagonjwa, yeye ndo wa kuangalia nyumba. Akiwa na umri wa miaka 18 na kitu alianza kupima uso wa maji kwa vifaa vya nyumbani. Akachukua bakuli refu la bati akajaza maji mpaka ukingoni, akaweka kipande cha bati juu kinachoteleza, akikisogeza uso wa maji unabanwa au unaachiwa pamoja na uchafu wowote ulioko juu yake, na mvutano alipima kwa kuangalia nguvu ya kuinua kifungo kidogo kilichogusa maji kwa mizani. Kifungo! Akafanya hivyo karibu miaka kumi bila mtu wa kumwambia. Mwaka 1891 akamwandikia barua Lord Rayleigh Uingereza, mwanafizikia mkubwa, na huyo bwana kwa heshima yake alifanya jambo la maana, aliipeleka barua ikachapishwa kwenye jarida la Nature. Bakuli lile ndo msingi wa kifaa alichokuja kukiboresha Irving Langmuir wa Marekani, ambaye alipata Nobeli ya kemia mwaka 1932 kwa kemia ya uso. Mwaka huo huo 1932 Pockels, ana miaka 70, chuo cha Braunschweig kikampa shahada ya heshima. Mmoja Nobeli, mwingine cheti. Naishia hapo.

Kabla ya hao wote kuna Benjamin Franklin, aliyechapisha mwaka 1774 habari ya kumwaga mafuta yasiyozidi kijiko cha chai kwenye bwawa la Clapham, mawimbi yakatulia, mafuta yakasambaa labda nusu ekari. Hakupiga hesabu ya unene, ila ukigawa wewe leo unapata kama nanomita 2, yaani urefu wa molekuli moja. Alikuwa amepima ukubwa wa molekuli kwa kijiko na hakujua.

Mada hii inakugusa pia kila unapovuta pumzi, na sio kwa maneno ya mapambo. Ndani ya mapafu vifuko vya hewa vina unyevu, na uso wa huo unyevu unavuta ndani, unataka kukifunga kifuko, na kadiri kifuko kinavyokuwa kidogo ndo shinikizo linavyokuwa kubwa, kwa hiyo vidogo vingejimwagia kwenye vikubwa vikafa. Mwili unatengeneza safaktanti yake ya kupunguza huo mvutano. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hana ya kutosha, anapumua kwa shida, mapafu yanajifunga. Watu walikuwa hawajui sababu mpaka Mary Ellen Avery na Jere Mead walipoonyesha mwaka 1959 kwamba kinachokosekana ni hicho kitu cha usoni, na mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara na wenzake Japani wakatangaza watoto kumi waliowekewa safaktanti kwenye njia ya hewa, hali zao zikabadilika. Sabuni na pafu, sheria moja.

Kuna neno lingine linalochanganya watu, adisopsheni. Sio kufyonza. Sponji inafyonza, maji yanaingia ndani mwili mzima. Adisopsheni ni kung'ang'ania usoni tu, kama ndege waliotua kwenye waya. Mkaa uliotengenezwa maalumu una vitundu vingi kiasi kwamba gramu 1 ina uso wa mita za mraba 500 mpaka 1500, kwa hiyo gramu saba nane hivi zinakupa uwanja mzima wa mpira. Ndo unaowekwa kwenye barakoa za gesi tangu vita ya kwanza ya dunia, ndo anaopewa hospitalini mtu aliyemeza sumu za aina fulani, ingawa kwa alkoholi na madini ya chuma hausaidii maana hivyo havishiki vizuri. Kale kapakiti kanakokaa ndani ya boksi la viatu kenye punje ngumu ni mambo yale yale, punje za silika zinakamata mvuke wa maji.

Kung'ang'ania kukiwa kwa nguvu ndogo tu, ukipasha moto kidogo kitu kinaachia. Ila wakati mwingine kinashika kwa kifungo halisi cha kemia, na hapo uso unaweza kuipasua molekuli iliyotua. Mbolea ya naitrojeni ya viwandani karibu yote inaanzia hapo: naitrojeni ya hewani ni ngumu kuvunja, lakini ikitua kwenye uso wa chuma atomu zake mbili zinaachana, haidrojeni inaziongezea, unapata amonia. Kiwanda kilikuwa kinafanya hivyo tangu 1913, ila hatua kwa hatua nini kinatokea pale juu ya chuma ilikuja kuelezwa vizuri na Gerhard Ertl, akatangaziwa Nobeli tarehe 10 Oktoba 2007, siku aliyokuwa anatimiza miaka 71. Zawadi ya bethdei hiyo sio mchezo.

Ukungu ni maji ndani ya hewa, moshi ni yabisi ndani ya hewa, povu ni gesi ndani ya kimiminika, jeli ni kimiminika kilichonaswa kwenye wavu wa yabisi, na gesi ndani ya gesi haiwezekani kuwa koloidi kwa sababu gesi zinachanganyika moja kwa moja, hakuna uso. Hayo majedwali ya majina mtayakuta kila kitabu, mimi yananichosha.

Turudi kwenye maksi yangu. Maziwa, kumbe, yana matone ya mafuta, mengi kati ya mikromita 1 na 10, yaliyovaa utando wake, ndo maana yakiachwa tu krimu inapanda, na kiwandani wanayapitisha kwa nguvu kwenye tundu dogo ili matone yavunjike yasipande. Hiyo ni emalsheni. Humo humo kuna protini ya kaseini imejikusanya kwenye vifurushi vya nanomita 150 hivi, vina nywele, lile koti nililosema, na ukikamua ndimu mpaka asidi ifike pH 4.6 koti halifanyi kazi tena, yanakatika. Hiyo ni koloidi safi, neno la mwalimu, na namkubalia. Lakini katikati ya hayo yote kuna maji, na ndani ya maji hayo kuna sukari ya laktosi na madini, vimeyeyuka kabisa, molekuli moja moja na ayoni moja moja, tochi haivioni.

Laktosi peke yake ni karibu asilimia 5 ya maziwa, nyingi kuliko mafuta yenyewe mara nyingi. Kwa hiyo mwalimu, popote ulipo, nadai nusu maksi.